Alama Mia Moja na Kumi na Mbili

"Mama wa mtoto yuko wapi?" aliuliza afisa wa ustawi wa jamii, akichungulia nyuma yetu kana kwamba kuna mtu mzima aliyebaki mlangoni.

"Ndiye mimi," alisema Vidole. "Bado, lakini ndiye."

Afisa aliweka kalamu chini. Alikuwa mzee mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, na mezani kwake mafaili yalifungwa kwa kamba za viatu. Aliuliza umri. Ishirini na moja na miezi saba. Akauliza kazi. Mwanafunzi. Akauliza mume. Vidole akamjibu kwamba fomu ya kuasili mtoto haina nafasi ya mume; ameisoma yote, kurasa kumi na moja, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

"Binti, sheria inataka miaka ishirini na mitano."

"Najua. Nimekuja mapema ili nisichelewe."

Mimi nilikuwa pembeni nimekumbatia bahasha ya vyeti vyake, nikiomba ardhi ipasuke inimeze. Tulikaa chumba kimoja hosteli miaka mitatu, na sikuwahi kumwona akipunguza sauti kwa sababu tu mtu ana meza.

Jina la Vidole alipewa utotoni. Mama yake mdogo ni kiziwi, fundi cherehani, na ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipokwenda mji mwingine kutafuta kazi. Katika chumba kile chenye cherehani mbili na kitanda kimoja, Vidole alikuwa mkalimani kabla hajaanza shule. Mteja akija kulalamika kuhusu gauni, yeye alitafsiri kila kitu, na kila kitu maana yake kila kitu. "Anasema kiuno hakikubana. Wewe ndiye umenenepa." Majirani wakampachika jina hilo, likamganda.

Chuoni alichukua ualimu wa viziwi. Wenzake walihangaika na picha za vitabuni. Yeye alikaa nyuma akila karanga, akiwasahihisha. Mwaka wa pili walipelekwa mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane, naye akapangiwa makao ya watoto upande wa pili wa mpaka, saa tano kwa basi. Mwalimu wao aliwaonya: lugha ya alama ya kule si hii yetu. Wiki ya kwanza msifundishe, jifunzeni. Vidole aliandika onyo hilo daftarini, akalipigia mstari, akafunga daftari.

Kule alimkuta msichana wa miaka minne hivi, kiziwi pekee kati ya watoto thelathini na mmoja. Aliachwa kwenye benchi la stendi na mfuko wa nguo, na hakuna ndugu aliyewahi kujitokeza. Hakuwa na alama hata moja. Alivuta watu nguo na kunyoosha kidole, basi. Siku ya kwanza Vidole alimpa maji pamoja na alama ya maji. Mtoto akaiiga. Akairudia, akairudia tena, akanywa vikombe vinne asivyovitaka kwa raha tu ya kuomba na kupewa.

Nani angesubiri wiki nzima baada ya hapo?

Siku Vidole alipoondoka, mtoto alikuwa na alama mia moja na kumi na mbili. Vidole alizihesabu kwa majivuno. Zote zilikuwa za kwetu.

Mwezi mmoja baadaye mlezi mkuu wa makao akapiga simu, sisi tukikunja nguo.

"Mwalimu, huyu mtoto wako amekuwa mkaidi. Zamani alikuwa kimya. Sasa anapungapunga mikono mbele ya kila mtu, tusipomwelewa anajitupa chini. Tukamletea mwashi mmoja wa mtaa wetu, kiziwi mwenzake, waongee. Hawakuelewana hata kidogo. Akamuuma mkono."

Vidole alikaa juu ya rundo la nguo. "Nimemfanya mgeni kwao," alisema. Kesho yake nilimkuta maktaba na sheria za watoto za nchi mbili, moja kila upande wa daftari.

Habari zilifika nyumbani haraka. Mama yake mzazi alisafiri pamoja na mama mdogo, wakaketi kwenye kitanda changu, maana cha Vidole kilijaa fomu.

"Mwanangu, mtoto wa nchi nyingine? Kwani una mimba unaificha?"

"Sina mimba, mama."

"Mimba ningeielewa! Sasa nani atakuoa na mtoto wa kuokota?"

"Asiyemtaka asinioe. Atakuwa amenipunguzia usaili."

Mama mdogo alicheka kwa kutazama nyuso tu, kisha akaanza kuongea kwa mikono, taratibu, macho kwa dada yake. Vidole akatafsiri, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisita.

"Anauliza, uliponiacha kwake alikuwa na miaka mingapi?"

Mama alitazama dirishani. "Kumi na tisa."

"Anasema, na hakuna aliyemwonyesha fomu."

Ndivyo tulivyofika ofisini kwa yule mzee wa sweta. Alisikiliza habari yote, na nilidhani atatufukuza. Badala yake alifungua ukurasa wa tisa, akaugeuza utazame upande wetu.

"Hapa pameandikwa 'maoni ya mtoto'. Umemuuliza anataka nini?"

"Nitamuuliza."

"Kwa lugha gani? Alama zote alizonazo umempa wewe. Atakujibu nini zaidi ya ulichompa?"

Vidole akavuta kiti karibu zaidi na meza.

"Nimekosea, mzee. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nipe namba ya faili."

"Nimekwambia bado."

"Bado nayo ina namba. Na kama unanikatalia, niandikie kwa mkono wako, na sababu, na tarehe, na muhuri."

Mzee akatoa jalada jipya, akaandika namba, akalifunga kwa kamba ya kiatu.

Likizo ile Vidole hakwenda kwao. Alivuka mpaka kumtafuta mwashi. Mwashi alikunja kwanza mkono wa shati lake akamwonyesha kovu la meno, ndipo akakubali. Kila alasiri akitoka kazini, saruji imemkauka kwenye kucha, alikaa ngazini kwenye makao na kuwafundisha wote wawili. Vidole akichomeka alama ya kwetu, mwashi alitazama mawingu mpaka ajirekebishe. Mtoto alishika haraka kuliko mwalimu wake. Alimkamata vidole na kuvikunja mwenyewe, kimoja kimoja, kwa uso wa mtu aliyechoshwa. Mpishi akaanza kuchungulia. Mlezi mkuu alidai ana kazi nyingi, Vidole akamwambia hata yeye ana nyingi, akamletea kiti.

Alirudi kule likizo nne. Watu wa hosteli walisema ana kichaa, ana mchumba kule, anatafuta misifa. Aliwajibu kwa mikono, na nilishukuru kwamba hawakuelewa.

Likizo ya mwisho ndipo alipomuuliza mtoto. Alimuuliza kwa alama za kule, mwashi akiwa shahidi, ili asije akajidanganya.

Wiki iliyofuata tulikuwa ofisini tena. Sweta sasa ilikuwa imetoboka viwiko vyote viwili.

"Umekuja tena," alisema afisa. "Umebaki mwaka na nusu ufikishe ishirini na mitano."

"Nimekuja kubadilisha."

"Unafuta ombi?" Nilisikia amesikitika.

"Nani kasema nafuta? Badilisha anwani. Shule ya kule imenipa kazi."

"Ukihamia huko faili litakwenda kwao. Wataanza upya: kijana, hajaolewa, na safari hii mgeni ni wewe."

"Waanze. Meza nimeshazizoea."

Mzee alifungua ile kamba, akaenda moja kwa moja ukurasa wa tisa, ule wa maoni ya mtoto, uliokuwa mweupe muda wote huo, akamsukumia kalamu.

Vidole aliandika mstari mmoja. Mzee akausoma kwa sauti. "'Hapa kuna mwashi, kuna mpishi, kuna kitanda changu. Wewe hamia.'" Akavua miwani. "Binti, haya si maoni. Hii ni amri."

"Ndiyo," alisema Vidole. "Na mimi sitii amri za watu wengi. Gonga muhuri."