Sharubati ya Wageni wa Heshima

Kabla ya siku ya mkasa huu, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni mzee ninayesomesha, nyumba yangu imo Mji Mkongwe, na watu huniletea maandishi yao kwa kuwa kosa dogo halinipiti. Mjukuu wangu Zuwena, mwenye miaka minne, alikuwa na homa, akitema kila dawa. Jirani yangu Bwana Khatibu, mgonjwa wa kisukari, alikuwa haondoki barazani kwangu kila alasiri, maana mkewe, Bi Rukia, amempigia marufuku kila kitamu.

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kumtwisha. Dawa ya homa niliipima kwa bomba lake, mililita kwa mililita, kama alivyoagiza mfamasia. Ulimi wangu sikuupima!

"Hii si dawa, mama," nilimwambia mtoto. "Hii sharubati ya wageni wa heshima."

Akanywa, akalamba midomo. Nikajiona hodari! Chupa nikaiweka rafu ya chini, pamoja na vikombe vya kahawa, na kifuniko sikukikaza.

Siku ya tatu homa ilikwisha. Alasiri niliingia chumbani kutafuta kitabu cha kumthibitishia Bwana Khatibu kwamba amekosea katika jambo ambalo sasa hata silikumbuki. Niliporudi barazani, vikombe vimepangwa juu ya sinia, chupa tupu.

"Babu, sharubati imekwisha. Wageni washakunywa."

Wageni wenyewe walikuwa wanasesere wawili na Bwana Khatibu.

"Sheikh wangu, umekunywa?" nilimuuliza.

Bi Rukia alikuwa ndiyo kwanza anatokea uchochoroni. Bwana Khatibu akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Mimi na vitamu wapi na wapi! Mtoto anacheza tu, vikombe vitupu."

Basi dawa yote imo tumboni mwa Zuwena! Nilimbeba hadi hospitali na kanzu yangu ya nyumbani, kofia sijui niliiangusha wapi.

"Mzee, amekunywa kiasi gani?" daktari aliuliza.

Mimi, msahihishaji wa watu, hicho sikukijua! Nilimwonesha chupa tupu. Uso wake ulibadilika.

Mara mlangoni akaingia Bwana Khatibu, jasho linamtiririka, Bi Rukia nyuma yake.

"Daktari, nimekunywa mimi. Vikombe vitatu."

"Vitatu!" Bi Rukia alimaka.

"Cha tatu mtoto kanilazimisha."

"Muongo!" Zuwena alisema kitandani. "Uliomba mwenyewe! Mie nililamba tu."

Daktari hakuchukua neno la yeyote kati yetu, na alifanya vyema. Alisubiri zitimie saa za dawa kuonekana damuni, akampima mtoto damu, akamkuta salama. Aliyelazwa ni Bwana Khatibu, kwa sukari.

Enyi wenye wajukuu, nakusihini! Dawa iiteni dawa, hata mtoto akilia mtaa mzima ukasikia. Ifungeni, iwekeni asikofika. Na ikitokea ajali, aliyekunywa aseme papo hapo, hata kama mkewe amesimama mlangoni!

Bwana Khatibu alirudi nyumbani siku ya pili, akitembea hatua tatu nyuma ya Bi Rukia. Ramadhani ilipoingia, nilimtengenezea Zuwena sharubati ya kweli, ya ukwaju. Aliinusa, akaniuliza: "Babu, hii dawa?" Nilimwapia kuwa si dawa. Hakuinywa.