Maua Yaliyotangulia Moto

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa tanuru la shaba, lakini ukimuuliza kazi yake alijibu, "Miye niko muntu wa banyuki." Mama alicheka kila mara, maana nyuki wenyewe walikuwa mwendo wa siku mbili kwa lori, kwenye mlima wa kwao Mitwaba, na baba aliwaona mara moja tu kwa mwaka, wakati wa likizo, ambayo sisi tuliiita konje. Huko alikuwa na mizinga ishirini ya magome. Nyumba yetu ya Lubumbashi ilikuwa ya kampuni. Ukistaafu, unarudisha ufunguo. Mizinga ile ndiyo iliyokuwa uzee wake.

Desturi ya kule ni kwamba mwenye mizinga huchoma majani ya mlima kwa mkono wake mwenyewe, kiangazi kinapokaribia kwisha. Asipochoma, moto wa wawindaji utakuja baadaye na kupanda hadi juu ya miti. Siku chache baada ya moto wake, maua madogo ya njano na zambarau hutoka kwenye majivu, hata kabla ya mvua, na nyuki huyategemea mpaka miti ichanue.

Mwaka wa mwisho kabla hajastaafu nilimsindikiza. Nilikuwa mwalimu, shule zilikuwa zimefungwa, na nilitaka kuuona huo utajiri tuliousikia tangu utoto. Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya uongo. Katikati ya kiangazi ikanyesha mvua moja isiyo na adabu, ikapita. Siku hizi wataalamu wana majina ya mambo hayo. Sisi tulisema tu kwamba majira yamelewa.

Tulipofika, maua yalikuwa yameshatoka katikati ya majani makavu. Nikachuchumaa. Nyuki walijaa mle, miguu yao imejaa unga wa njano.

"Baba, maua iko tayari," nikasema.

"Ile iko ya bovyo, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Maua haitanguliake moto. Moto njo inaita maua."

Habari ya nyuki sikuitaja. Mimi nilisoma, yeye hakusoma, na niliona haya kumfundisha baba yangu kazi kwenye mlima wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi nikasikia. Akanipa kiberiti niwashe upande wa chini, yeye akapanda kuwasha upande wa juu.

Ukawaka vizuri mno.

Tukangoja. Mizizi ilikuwa imeshatoa ilichokuwa nacho, na majivu yakabaki majivu. Wiki ya pili baba alipita mti kwa mti, akipanda, akigonga mizinga kwa kidole na kutega sikio. Nyuki walikuwa wamehama. Alipofika wa ishirini alishuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema lori litapita kesho. Nilimwonea huruma, nikaenda kufunga mizigo.

Mwaka uliofuata alirudisha ufunguo. Hawakwenda Mitwaba, yeye na mama walikuja kukaa kwangu Makomeno, katika chumba cha nyuma. Mtu aliyezoea kuwasha mlima mzima sasa aliniomba ruhusa hata ya kuchuma limau uani. Nilimkataza kuomba mara nyingi, hakuacha.

Ilinichukua miaka kupata ujasiri. Tulikuwa tunakula.

"Baba, siku ile niliona banyuki mu yale maua."

Aliendelea kumega bukari, ugali wetu. "Na miye nilibaona."

Nikarudisha tonge sahanini. "Sasa juu ya nini tuliwasha?"

"Konje ilikuwa ya siku makumi mbili, mama. Kama ningengoja bamalize kula, ningewasha lini?"

Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ya mgeni, kama anaweza kuongeza sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kidogo.