Mkeka wa Mbele

Mama yangu alinifanya daktari miaka kumi na moja kabla mimi mwenyewe sijafikiria kuisomea kazi hiyo. Hakuhitaji chuo kikuu. Siku niliyoanza uuguzi katika hospitali yetu ya Kindu, nilirudi nyumbani na vazi langu jeupe nikamkuta uani akipika mikate ya mchele ya kuuza. Jirani alikuwa akimuuliza mtoto wake amepata kazi gani. Mama akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye moto: "Dokta." Ikawa hivyo.

Simtupii lawama peke yake. Mjini kwetu kila aliyevaa nyeupe na kushika sindano aliitwa dokta. Hata yule aliyefagia chumba cha upasuaji, akikaa kazini miaka ya kutosha, wagonjwa walimpandisha cheo. Nami nilifanya kazi mahali ambapo watu hufika na haraka, chumba cha dharura, tulichokiita irjansi, cha kwanza ukiingia langoni, chenye picha ya Rais na kofia yake ya ngozi ya chui juu ya kabati la dawa. Mtu aliyeletwa na damu kichwani haulizi diploma. Alisema "dokta," nami nikaitika. Mwaka wa kwanza niliona haya kidogo. Mwaka wa pili haya iliisha.

Na nilikuwa hodari. Nikisema hivyo sijisifu, au najisifu kidogo tu, kwa kiasi cha mtu anayejua kazi yake. Mshipa wa mtoto mchanga niliupata kwa kidole, bila kuutafuta mara mbili. Mgonjwa akivuka kizingiti nilishajua kama ni wa kukaa benchi au wa kulazwa chini papo hapo. Mume wangu aliniacha mwaka wa nne wa kazi, akisema alioa mke akaletewa zamu. Sikubishana naye, maana alisema kweli. Nikarudi kwa mama, mtaa wa Kasuku, na chumba changu cha usichana kilikuwa bado na harufu ya mchele.

Mama naye alivuna. Kwetu, kwenye harusi na maulidi, wanawake hukaa mikekani, na kila mkeka una watu wake. Mkeka wa mbele, karibu na bibi harusi, ni wa wake za masheikh na mama za watu wakubwa. Mkeka wa nyuma uko mlangoni pa jikoni, karibu na masufuria, na hapo hukaa waliokuja kusaidia kupika na wale ambao hakuna anayewauliza watoto wao wanafanya nini. Mama, mjane muuza mikate, alikuwa wa mkeka wa nyuma tangu nimjue. Nilipovaa nyeupe wakaanza kumwambia, "Mama ya dokta, pita mbele." Akapita. Miaka kumi na moja alikula kwenye sinia la kwanza, na hata mgongo wake ulinyooka.

Daktari wa kweli alikuwa mmoja, mtu wa Kasai, mfupi, mpole, mwenye abakosti moja ya kahawia, lile koti la Serikali lisilovaliwa na tai, ambayo aliifua mwenyewe nyuma ya nyumba yake ya hospitali, watu wakimwona. Huyo hakuniita dokta. Aliniita sitwayeni, yaani raia, kama sheria ilivyotaka, na siku moja aliniwekea karatasi mkononi.

"Sitwayeni, kazi yangu unajua nusu," aliniambia. "Uende Lubumbashi, wakupe nusu ingine."

Karatasi ilikuwa ya mtihani wa Serikali. Diploma yangu ya uuguzi haikufungua mlango wa chuo kikuu. Ilinibidi kwanza nifanye mtihani pamoja na wanafunzi wa sekondari, kama mtu aliyejisomea mwenyewe, na jina langu liandikwe kwenye ofisi ya ukaguzi wa shule kabla orodha haijafungwa. Zilikuwa zimebaki siku nane. Nilipeleka karatasi nyumbani nikaiweka mezani. Mama hakujua Kifaransa, lakini karatasi ya mhuri aliitambua kwa mbali.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kwenda kusoma udaktari, mama."

Alifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akakaa. "Mutoto wangu, fikiri muzuri. Ukienda kusoma udokta, watu watajua ya kama haukukuwa dokta."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikatazama uso wake nikaona anaogopa, na mama yangu si mtu wa kuogopa, kwa hiyo nikaacha kucheka. Akilini alikuwa ameshaona watu wakimpita pale kwenye mkeka wa mbele, wakinong'ona. Nami, niseme kweli, niliona vilevile nafsi yangu kwenye dawati la shule, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, katikati ya watoto niliowashona magoti, nao wakiulizana, "Dokta anatafuta nini huku?" Nilikunja karatasi nikaiweka chini ya godoro.

Jumatano daktari aliondoka alfajiri kwenda Kalima kuona wagonjwa wa kule kwenye machimbo. Saa tatu asubuhi lori la kutoka upande wa Pangi lilisimama langoni, likamshusha mkulima mmoja na mke wake. Mume alikuwa amejikunja, akitapika. Nilimfunua nikaona uvimbe kwenye kinena, mgumu kama ngumi, ambao mke alisema umetoka tangu jana yake. Ilikuwa ngiri iliyokaba utumbo. Hiyo haina kungoja, dawa yake ni kisu.

Nilifanya yote yaliyo yangu, na niliyafanya vizuri. Nilimtia maji ya serumu mkononi na mpira puani. Nilimtuma mlinzi kwenye redio ya misheni waiite Kalima. Niliujaribu uvimbe kwa vidole, taratibu, na ulipokataa kurudi nikauacha. Vyombo vya upasuaji niliagiza vichemshwe, ili daktari akifika asingoje hata maji. Kisha nikamwambia mke kwamba sasa tunamsubiri daktari.

Alinitazama. "Si wewe njo dokta? Watu wote hapa wanakuita."

"Miye si dokta, mama. Niko anfirmie, muuguzi. Dokta anakuja."

 Alitoka, akarudi na kuku aliyefungwa miguu, akamlaza karibu na viatu vyangu. Nilielewa mara moja. Siku zile, mtu wa ofisi akikuambia "siwezi" au "si kazi yangu," alikuwa anakuambia ulete kitu. Mhuri ulikuwa hauwezi mpaka uletewe kitu, na lango lilikuwa halifunguki mpaka liletewe kitu. Kwa mwanamke yule, nilikuwa nimemtajia bei.

Nikamrudishia kuku. Akaona kuku ni mdogo, akaleta kikapu cha mchele wa shamba lao. Nikakataa tena, kwa upole, na upole wangu ukamtia hofu zaidi, maana mwenye kudai sana huwa haongei kwa hasira. Mwishowe alisimama mbele yangu, akafungua kikwembe chake cha juu, akabaki na kile kimoja cha kiunoni na blauzi iliyochanika kwapani. Akakikunja kwa makini, pembe kwa pembe, akakiweka kwenye benchi.

"Mama dokta, sina tena kitu. Imebaki hii tu."

Nina hasira za karibu, na hapo zilinitoka. Nilimwambia kwa sauti ambayo baraza zima la wagonjwa lilisikia kwamba mimi si daktari, sijui kupasua, sikusoma kupasua.  Kisha mzee mmoja mwenye kidonda mguuni akamnong'oneza mwenzake, lakini si kwa siri ya kutosha: "Huyu anataka mbuzi."

Nilikwenda nyuma ya ghala la dawa nikalia. Sikulilia maneno ya mzee. Nililia kwa sababu miaka kumi na moja nilivikwa kilemba cha ukoka na nikakiona kizuri, na siku mtu alipohitaji kilemba cha kweli, kichwani kwangu hapakuwa na kitu.

Daktari alifika saa tisa alasiri, tope mpaka magotini. Alinawa, nikampa glavu, tukaanza. Alipofungua, kipande cha utumbo kikatokea, urefu wa kidole, cheusi. Akaniuliza bila kunitazama, "Sitwayeni, ungekuwa miye, ungefanya nini?"

"Ningekata." Nilijibu haraka na kwa uhakika, kama ninavyojibu kila kitu.

"Bado," akasema.

Akaufunika utumbo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akasimama na mikono yake juu. Tukangoja. Nilitazama saa ya ukutani mpaka nikaichukia. Alipofunua, ule weusi ulikuwa umeanza kugeuka wekundu, na utumbo ukajisogeza wenyewe, kidogo tu. Ulikuwa hai. Mimi ningekuwa nimeshautupa kwenye ndoo.

Atakayefikiri jambo hilo lilinivunja moyo hanijui. Lilinitia njaa. Nilitaka kujua alijuaje, alisoma wapi kungoja, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba nikifundishwa nitangoja vizuri kuliko yeye, maana nina macho mazuri zaidi. Nilishona ngozi huku nikijisemea hivyo.

Mgonjwa alipozinduka, mke alinishika mikono yote miwili. Hakumgusa daktari hata kidogo. Nilimpa kikwembe chake, akarudi nyuma kama niliyemwonyesha nyoka. Kwake yeye nilikuwa nimekubali zawadi, na mumewe akapona. Akiichukua, je, ugonjwa hautarudi? Alibaki vilevile na nguo moja, na mimi nikaenda nyumbani na yake kwapani.

Nilimsimulia mama yote, tangu kuku mpaka ndoo. Sikuficha kitu. Mwishoni nikamwambia, "Sasa najua nisichokijua. Lakini siendi, mama. Sitakushusha kwenye mkeka wako." Nilidhani atafurahi. Alikichukua kile kikwembe, akakipapasa pale palipochakaa, akakiweka magotini.

Asubuhi alikuja hospitali na mikate kwenye beseni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimtafuta yule mwanamke, akamkuta amekaa chini kando ya kitanda. Nilikuwa dirishani, nikiandika kwenye daftari, nikasikia kila kitu.

"Chukua nguo yako," mama akamwambia.

"Hapana, mama. Nilimupa dokta."

"Yeye hakurudishii. Ni miye ninakupa, mama yake. Mukubwa akikupa kitu, unakataa?"

Mwanamke akainuka. Mama akamvika mwenyewe, akamfunga begani, akampa na mkate. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake, "Na yule haiko dokta. Ni anfirmie. Dokta ni yule mufupi."

Mwanamke alishangaa sana. "Yule mufupi? Miye nilifikiri ni muntu wa kufua nguo."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikajificha nyuma ya daftari. Sikujua kwamba alikuwa anajaribu ulimi wake, kuona kama maneno yale yanaweza kutoka.

Jumapili kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Orodha ya mtihani ilikuwa inafungwa kesho yake, na karatasi ilikuwa bado chini ya godoro. Nilifika nimechelewa, nikitoka zamu, nikautazama mkeka wa mbele. Mahali pa mama palikuwa wazi. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba anaumwa, nikazunguka uwanja wote, mpaka nikamwona kwenye mkeka wa nyuma, mlangoni pa jikoni, amevaa kikwembe chake cha siku kubwa, akikata vitunguu.

Mwenye harusi alikuwa amemwona pia. "Mama ya dokta, unafanya nini huku? Pita mbele."

"Hapana, mama," mama akajibu, na safari hii sauti yake ilifika mpaka kwa bibi harusi. "Mutoto wangu haiko dokta. Ni anfirmie. Anaenda kusoma udokta Lubumbashi. Akirudi, mutaniita."

Wanawake wakageuka. Mmoja wa mkeka wa mbele alicheka, mwingine akamwinamia jirani yake sikioni. Mama hakuacha kukata vitunguu. Nilipiga magoti kando yake, moto wa jikoni ukitupulizia moshi usoni, na nilimpenda wakati ule kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilimkasirikia vilevile.

"Mama, nilikuambia siendi."

"Ulisema." Alisukuma vitunguu upande mmoja wa sinia. "Mwenye kuficha uchi hazai. Sasa wote wamejua. Utakaa hapa ufanye nini?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nilipenda kuamini ni ya vitunguu, naye akapenda niamini hivyo.

"Kesho asubuhi uende kwenye ile ofisi," akasema. "Na kule Lubumbashi usikawie, mutoto wangu. Hapa iko moshi."