Bahasha Niliyoiloweka
Gundi ya stempu ninayoilamba hapa Gitega inanirudisha kijijini Buhinyuza, siku tuliporudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa msichana mdogo, nakusanya stempu. Barua ya kwanza ya baba, tuliyepotezana naye tulipokimbia, ilipofika kutoka ng'ambo, niliitoa, nikailoweka bahasha kwenye maji ya moto ili nibandue stempu yenye ndege mwekundu. Ilibanduka vizuri.

Mama akarudi kutoka shambani, akaisoma barua amesimama.

“Anasema kama tuko hai, tumwandikie. Anwani iko wapi?”

Nikamwonyesha bahasha. Wino wote ulikuwa umeyeyuka.

“Kwenye barua hakuiandika,” alisema taratibu. “Tutamjibu wapi, mwanangu?”

Hakunipiga. Aliianika bahasha juani, akawa anaigeuza na kuitazama mpaka ikakauka, nyeupe kabisa. Barua nyingine haikuja.