Ndara Moja Barazani

Niliamka asubuhi moja nikakuta nimeandika kitu ambacho sijaandika.

Aliyeniambia ni jirani yangu, fundi cherehani. Nilikuwa nje napiga mswaki meno machache yaliyobaki, mdomo umejaa povu, akaja akanishika bega.

"Pole sana, Babu. Sikujua kama mkeo alikufa vile."

Mke wangu alikufa zamani, fundi mwenyewe akiwa bado hajahamia mtaa huu. Nikatema povu. Nikamuuliza, vile vipi?

"Si kama ulivyoandika jana. Watu wanalia huko kwenye makundi."

Jana yake sikuandika neno. Nilishinda nimelala na mafua.

Kwa asiyenijua, mimi nimezunguka. Nimekuwa utingo wa malori, nimewapikia wajenzi wa barabara kambini, nimechimba visima, nimelinda maghala. Shule niliipata vipande vipande, darasa hili huku, lile kule, mengine sikuyaona kabisa. Uzeeni nikaanza kusimulia safari zangu mtandaoni, kwenye ukurasa unaoitwa Babu Begi. Picha yake ni begi langu kuukuu. Sura yangu sikuiweka, nisije nikawakimbiza wasomaji.

Wakaja wengi. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Ninaishi na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Mimi nasimulia, yeye anachapa kwenye simu, maana kidole changu kikibonyeza herufi moja zinatoka tatu.

Nikaingia ndani nikamwambia anisomee.

Akafungua. "Mjomba, hiki siyo mimi niliyekiweka."

"Soma."

Akasoma. Naapa, ilikuwa sauti yangu. Vile ninavyoanza, vile ninavyojikatiza, hata ule utani wangu wa lori bovu ulikuwemo. Ilisema nilimpeleka mke wangu zahanati akiwa hoi, na nesi wa zamu akamwacha kwenye sakafu ya baraza akaenda zake kunywa chai.

Halafu ikamtaja nesi.

Nikamwambia mpwa wangu aache hapo hapo. Sikutaka kusikia mbele.

Nesi huyo ndiye aliyekuwa anagombea ubunge. Mtaani tunamwita Mama Nesi. Alikuwa amestaafu, anapita nyumba kwa nyumba na kofia yake ya majani, na kila mtu aliona kwamba safari hii Mheshimiwa, yule mbunge aliyezoea kiti, jasho linamtoka.

Na ukweli ni huu. Mama Nesi hakumwacha mke wangu. Zamu yake iliisha, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Mke wangu alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule mama. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni kama gogo.

Sikuwahi kukiandika kisa hicho. Kuna vitu mtu havipeleki sokoni.

Kufika mchana, gazeti limeshaiweka kwenye tovuti yao: "Msimulizi maarufu afichua ya Mama Nesi." Jioni redio ikasoma gazeti. Kesho yake mkutanoni, Mheshimiwa akapanda jukwaani na gazeti mkononi, akafuta macho kwa leso, akasema yeye si mtu wa kusema watu, ila gazeti limesema.

Na kule mtandaoni, aliyebisha aliambiwa, "Hata gazeti limeandika."

Yaani ukurasa wangu ulimshika mkono gazeti, gazeti likamshika redio, redio ikarudi kuushika ukurasa wangu. Wanacheza duara, katikati yupo mama wa watu.

Nikaanza kuwaka ndani kwa ndani. Nani ana neno la siri la ukurasa? Mpwa wangu. Nani anajua habari za marehemu? Mpwa wangu. Halafu nikaiona kwenye kamba ya nguo fulana yenye uso wa Mheshimiwa, inachuruzika maji.

"Wamekuahidi nini?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Ile fulana ni ya nani?"

Akaigeukia, akanigeukia. "Mjomba, ile ni ya kudekia. Waligawa mtaa mzima. Hata fundi anafutia cherehani."

"Na neno la siri nalo umegawa?"

Aliiweka simu mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akakunja nguo zake, akaenda kwa rafiki yake. Mlangoni akasema, "Marehemu mama aliniambia wewe ndiye wangu uliyebaki."

Nikamwacha aende. Hasira ina wazimu wake.

Nikajaribu kuifuta ile habari mwenyewe. Ukurasa ukagoma. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa.

Nikaenda gazetini. Nilimkuta kijana mpole, shati limenyooka, kompyuta mbili mbele yake.

"Mimi ndiye Babu Begi. Ile habari sikuiandika mimi."

"Una uthibitisho, mzee?"

"Uthibitisho ni mimi hapa."

"Yaani uthibitisho kwamba wewe ndiye yeye. Kule kuna begi tu."

"Nyinyi mlipoandika, mlimuuliza nani?"

"Sisi tuliandika 'kwa mujibu wa ukurasa wa Babu Begi.' Ukurasa ulisema, haukusema?"

"Ulisema."

"Basi sisi hatujakosea." Akaniongezea, kwa heshima kabisa, "Kukanusha ni habari nzito, mzee wangu. Inahitaji chanzo cha pili."

Kuchafua, chanzo kimoja na tena begi. Kusafisha, vyanzo viwili.

Nikamwomba fundi cherehani anirekodi kwa simu yake. Nikasema yote, uso wangu wazi, tukaisambaza. Komenti ya kwanza: "Huyu feki. Babu wa kweli hawezi kuwa kibogoyo." Ya pili: "Mama Nesi ameokota mzee stendi." Fundi akaizima simu, akanambia labda nijaribu kuvaa meno.

Nikabaki na mtu mmoja. Mhariri.

Huyu ni rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuwa mhariri wa gazeti hadi walipompunguza kazini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Nilikuwa namsimulia, anakatakata, anapanga. Alikuwa na kanuni yake moja: kila habari ya msiba itafutie kitu kidogo kilichobaki. "Mtu akifa, msomaji hashtuki," alikuwa ananiambia. "Muonyeshe kiatu chake. Kama hukukiona kiatu, kitafute." Mimi nilikuwa nacheka, namwambia mengine yaache yalivyo.

Alinikaribisha sebuleni vizuri. Ukutani bado pana cheti chake cha uandishi bora, glasi imepasuka pembeni. Akanimiminia chai mwenyewe.

"Ndugu yangu, tulia," akasema. "Wiki ya uchaguzi watu wote vichaa. Itapita."

"Kwa mama yule haipiti. Anachafuka kwa mdomo wangu."

"Lakini lazima ukubali, aliyeandika anaijua kazi." Akatabasamu kwenye kikombe chake. "Ile ndara moja barazani. Pale ndipo walipolia."

"Ndara ipi?"

"Ile ya mwisho. Mke anakufa, ndara yake moja inabaki..."

Akaishia hapo. Nadhani aliuona uso wangu.

Mke wangu hakuwa na ndara siku ile. Miguu ilikuwa imevimba, hakuna kiatu kilichoingia. Nilimfikisha zahanati kwenye mkokoteni, miguu mitupu. Na habari za siku hiyo, ukiacha familia, nilimsimulia mtu mmoja tu duniani. Nilimsimulia nikilia, kwenye kiti hiki hiki nilichokuwa nimekalia.

"Ni wewe," nikasema.

Hakukataa. Hilo ndilo linaniuma hadi leo, hakuhangaika hata kukataa.

"Ukurasa niliufungua mimi, umesahau? Ulikuwa huna hata simu."

"Kwa nini?"

"Mheshimiwa alihitaji mtu wa habari. Mimi nilihitaji kazi ya kuitwa kazi." Akakitazama cheti chake. "Nimehariri gazeti ujana wangu wote, hakuna aliyewahi kunililia. Wewe unaandika habari za begi, watu wanakuombea dua. Wanakuamini wewe, siyo sisi. Sasa ningeiweka wapi?"

"Umemuua mke wangu mara ya pili."

"Sikudanganya sana, ndugu yangu. Mkeo alikufa kweli. Nesi alikuwepo kweli. Mimi nimepanga tu."

Nikaondoka. Chai sikuigusa.

Mama Nesi akashindwa. Siyo kwa kura nyingi.

Nilikawia kwenda kwake, miguu ilikuwa inakataa. Nilimkuta uani kwake anampima mama mmoja presha. Alipomaliza akanivutia kiti, akanifunga kile kitambaa mkononi bila kuniuliza.

"Imepanda," akasema. "Unalala?"

"Mama, ile habari sikuiandika mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ile ndara. Mkeo hakuja na ndara. Alikuwa anasikia baridi miguuni, nikamvalisha soksi zangu. Za bluu. Alizikwa nazo, au mlizivua?"

Alizikwa nazo. Nikaitikia kwa kichwa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo mkutanoni. Soksi zile zingemaliza kila kitu.

Akanifungua kitambaa. "Yule alikuwa mgonjwa wangu. Nimtoe kaburini nikamtangaze kwenye kipaza sauti, kisa kura?"

Akanipa ruhusa kisa kile nikiandike mimi, mume.

Nikaenda kwa mpwa wangu. Nilijiandaa kwa maneno mengi, njiani yote yakanipotea. Nikamwambia, "Mama, nimekosa." Akaniacha nimesimama mlangoni muda mrefu, haki yake. Mwisho akasema, "Lete hiyo simu."

Alihangaika nayo mpaka ukurasa ukarudi mikononi mwetu. Nikasimulia yote, akachapa: zamu iliyoisha, mkono ndani ya mkono, soksi za bluu. Mhariri nikamtaja kwa kazi yake, kama nilivyomtaja hapa.

Tukasubiri. Komenti zikaanza kuingia. Mpwa wangu akawa anasoma, sauti inapungua.

"Wanasemaje?"

"Wanasema Babu umetisha, hadithi yako hii ni kali kuliko ile ya mwanzo."

"Hadithi?"

"Na huyu anasema pale kwenye ndara ya mwanzo alilia kweli. Ila hapa kwenye soksi umetia chumvi."

Ndiyo maana leo naiandika mara ya pili, na safari hii picha ya begi nimeitoa. Huyo kibogoyo hapo juu ni mimi.

Siwaombi mniamini. Mama Nesi hawezi kurudishiwa kura. Nawaachia neno moja tu, nililolipata kwa kuchelewa: siku ukisoma habari ya mgombea ikakuliza, usikimbilie kuisambaza. Futa machozi kwanza. Halafu uliza ni nani aliyekiweka kile kiatu pale.