Mwaka Niliochora Videvu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi pande za Kintinku aliniuliza nimesomea nini. Nikamwambia, sanaa. Akanitazama, akatazama dirishani, kisha akasema, "Basi utafundisha hesabu. Hiyo sanaa utafanya Ijumaa, watoto wakishafagia."

Ndivyo nilivyoanza. Rangi hazikuwepo na karatasi ndiyo usiseme. Tulichora kwa mkaa wa jikoni, tukapaka udongo mwekundu uliopondwa na kuchanganywa na utomvu wa mgunga ili ushike ukutani. Ninyi mnaochora kwa kidole juu ya simu mtacheka, lakini ukuta wa darasa la tatu ulikuwa na ng'ombe ambao wafugaji walisimama kubishana ni wa zizi la nani.

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Kila nilipopata nafasi nilikuwa mlangoni kwa Afisa Elimu wa Wilaya nikiomba kwenda kusoma zaidi, mpaka akanichoka.

"Kijana, una kichaa cha safari," aliniambia siku aliyoniita mwenyewe. "Imetoka nafasi Uswidi, mwaka mmoja, uchoraji. Ukirudi umefaulu, utafundisha chuo cha ualimu. Ukirudi umefeli, Kintinku ipo, na hesabu zake zipo."

Nilikwenda Mungaa kumuaga mama. Nilimuaga kama tulivyolelewa, nimeinama, macho kwenye miguu yake. Kwetu mtoto hamkodolei macho mzazi. Ukimtazama usoni anapoongea, ni kama unataka mpigane.

Huko Uswidi baridi ilinitesa, lakini darasa lilinitesa zaidi. Tulichora kwa vijiti vya mkaa laini, na ukikosea unafuta kwa kipande cha mkate mweupe. Wiki ya kwanza mkate wangu niliula. Halafu kulikuwa na modeli, yaani mtu anayekaa bila kutikisika ili wanafunzi wamchore. Wetu alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu, mvi kichwa kizima, na nilimshukuru Mungu kwamba alikuwa amevaa gauni lake. Alipoingia nikajikuta nimesimama na kusema, "Shikamoo." Darasa zima likanigeukia. Nilimweleza kwa Kiingereza maana yake, akaipenda, na tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akiningoja nisimame ili aseme, "Marahaba."

Tatizo lilikuwa kumpima. Mchoraji hupima uwiano wa mwili kwa penseli: unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unaangalia kichwa kinaingia mara ngapi kwenye mwili. Sasa jamani, mtu mzima uliyemwamkia asubuhi, umnyooshee kijiti na kumkonyeza! Mkono wangu ulikataa. Nilichora viatu vyake, magoti, vidole vilivyopinda kwa uzee, nikapanda hadi kidevu, nikaishia hapo. Wiki zikapita, nina videvu vimejaa ukutani.

Mkuu wa Idara alikuwa mama mrefu asiyejua kukaa, anazunguka darasani na kikombe cha kahawa. Siku moja alisimama nyuma yangu.

"Huyu bibi ana macho?"

"Anayo, mwalimu."

"Ya rangi gani?"

Nikaangalia viatu vya bibi.

"Kidevu chako ni kizuri kuliko vyote humu ndani," alisema. "Lakini mtihani wa mwisho ni uso. Bila uso sikupitishi."

Basi amani ikaniisha. Nilitembea kwenye theluji bila pa kwenda, nikichora vijana wenzangu vituoni na mikahawani. Macho ya vijana niliyaweza bila shida. Nikirudi mbele ya yule bibi, shingo inainama yenyewe. Nilijiona kwa mbali nikirudi Kintinku kufundisha kugawanya, na niliogopa kweli.

Siku ya mtihani nilivuta muda. Nilianza na kiti, nikaenda kwenye gauni, nikarudi kwenye kiti. Darasa lilikuwa na joto, na baada ya chakula cha mchana bibi akasinzia. Hapo ndipo nilipopata ruhusa. Nilichora uso wake kwa pupa, paji la uso, mashavu, kope zilizofumba, kabla hajazinduka.

Mkuu wa Idara aliutazama mchoro muda mrefu. "Umenishinda kwa ujanja," alisema. "Nakupitisha. Lakini iko siku utalazimika kuyafungua hayo macho."

Nilirudi, nikafundisha chuo cha ualimu kama nilivyoahidiwa, kisha nikawa Afisa Utamaduni Manyoni. Nimechora wakubwa wengi wa mkoa huu, na wengine bado wametundikwa maofisini. Wote niliwachora kutoka kwenye picha za kamera, kwa sababu picha haiamkiwi. Watu walinisifu, lakini ndani yangu kulikuwa na kitu hakikai.

Nimestaafu sasa, niko Mungaa na mama yangu. Nashika jembe, naliacha, narekebisha paa ambalo halivuji. Mwezi uliopita, tukipepeta alizeti uani, akanisemesha kwa Kinyaturu.

"Umechora wakubwa wote. Mimi lini?"

Nikaleta kiti na karatasi. Nikachora miguu yake, ungo magotini, mikono, nikafika kidevuni. Penseli ikasimama.

"Inua macho, mwanangu," akasema. "Nimekuruhusu."

Nikainua. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe, limefunikwa na ukungu.

"Mama, hili jicho lina nini?"

"Ni mtoto wa jicho. Halioni."

"Tangu lini?"

"Tangu uko Manyoni. Ulikuwa unakuja kila mwisho wa mwezi."

Niliumia, vijana. Mtu niliyelipwa maisha yangu yote kwa kazi ya kutazama! Nikataka kusimama, nikatafute gari la kwenda hospitali saa ileile.

"Kaa," akasema. "Maliza kwanza."

Nikanyoosha mkono, penseli mbele, nikafumba jicho moja, nikampima mama yangu. Akacheka mpaka ungo ukatikisika, na yeye akafumba lake, lile zima, akasema sasa hanioni kabisa, nimtazame nitakavyo.