Wajina Wawili Ndani ya Mashine

Mulei wa Kalamba hakuwahi kumwita bintiye kwa jina. Alimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu msichana huyo alipewa jina la mama mzazi wa Mulei, Syokau, kama Wakamba wafanyavyo. Nyanya naye alimwita mjukuu "mimi mdogo." Mtoto alipopatwa na malaria, nyanya alijifunika blanketi akatetemeka pia, ingawa mwili wake haukuwa na joto. Kwa hiyo Syokau alikua akijua kwamba kuna mtu aliyemshika, na kwamba yeye pia amemshika mtu huyo.

Alisomea kompyuta Nairobi. Mwaka wa 1997 akaajiriwa katika ofisi moja ya kanisa mjini Wote, ambako wafadhili walikuwa wameleta mashine na hakuna aliyejua kuitumia. Ndani yake mlikuwa na programu kubwa ya majedwali. Syokau aliandika programu ndogo ya kupachikwa ndani ya ile kubwa, ifunguke nayo na kufungwa nayo. Kazi yake ilikuwa kupanga familia za waumini: nani mtoto wa nani, nani kapewa jina la nani.

Ilifunguka vizuri. Kufungwa ndiko kulikoshindikana. Dirisha lilitoweka, kioo kikabaki kitupu, lakini diski iliendelea kukwaruza polepole, kama panya ndani ya gunia la mbaazi. Programu kubwa ilikuwa bado hai mle ndani, bila dirisha. Ukiifungua tena, zinakuwa mbili. Mwishowe mashine hukwama, waya ukachomolewa, na kila ulipochomolewa majina kadhaa yaliharibika.

"Dada, hicho kitu chako kinapumua," alisema Kivuva, mfagiaji wa ofisi.

"Ni feni, Kivuva."

"Feni ina mdundo mmoja. Hii inanyamaza, inasikiliza, halafu inaendelea."

Jumatatu moja Mchungaji Kilonzo alisimama mlangoni, hakuingia.

"Syokau, mimi siogopi vyuma. Lakini akina mama wa maombi wamekataa kukaa chumba hiki. Wanasema umewaweka marehemu na walio hai pamoja, ukawafungia."

"Ni kosa la programu, Mchungaji. Nitalipata."

"Lipate kabla ya Ijumaa. Isipokubali kuzimika, itarudi ilikotoka. Na mashine ikienda, sina kazi nyingine ya kukupa."

Akaanza kutafuta. Kanuni aliijua: kila kitu kilichoundwa kwenye kumbukumbu ya mashine huishi maadamu kuna kingine kinachokishika. Kikiachiliwa na vyote, hutoweka. Vyote vikitoweka, programu ndogo huondoka, na ile kubwa hufungika. Alipitia mistari yake. Kila alichokishika alikuwa amekiachilia. Akaondoa familia moja baada ya nyingine, akijaribu kufunga kila mara, hadi ikabaki ya kwao, na ndani yake majina mawili tu: Syokau mkubwa na Syokau mdogo. Diski bado ilikwaruza.

Ndipo akaona. Mtu wa kwingine angeandika upande mmoja, kwamba mtoto anamshika aliyempa jina. Yeye aliandika alivyolelewa: mkubwa anamshika mdogo, mdogo anamshika mkubwa. Kila mmoja alikuwa hai kwa sababu ya mwenzake, na programu kubwa iliwangojea waondoke.

Ilibidi mmoja aachilie. Mtoto hangeweza, maana jina lake lilitoka kwa mkubwa. Ilikuwa Ijumaa, na Mchungaji alikuwa uani akizungumza na mwenye pikapu aliyekuja kuichukua mashine. Syokau akaandika mstari mmoja: wakati wa kufunga, mkubwa amwachilie mdogo.

Diski ilikwaruza mara moja, ikanyamaza. Mchungaji aliitwa, akainama, akasikiliza, akamwambia mwenye pikapu aende zake.

"Imeenda," Kivuva alisema.

"Imefungwa tu."

"Sawa. Lakini waliokuwa ndani wameenda wapi?"

Kesho yake Syokau alikwenda kwao Kalamba. Nyanya alikuwa kwenye kigoda mlangoni, akiambua mbaazi, mzima, macho makali. Alimwuliza Mulei kama mbuzi wamekunywa maji. Kisha akamtazama Syokau kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Karibu, mama. Wewe ni mtoto wa nani?"

Mulei alicheka. "Mama, huyu ni wajina wako. Ni Syokau."

"Syokau ni mimi," nyanya alisema. "Sijaona mwingine."

Kicheko cha Mulei kiliisha taratibu. Alimtazama binti yake, akafungua kinywa kumwita Mwaitu, akakifunga.

Jioni homa ilimpanda Syokau. Alijifunika blanketi karibu na mlango akatetemeka, akiitazama mikono ya nyanya. Ilikuwa imetulia kabisa, ikiambua mbaazi.